Kuwinda elki Marekani: uende na mwongozaji au uende mwenyewe?

Makala haya ni ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba anataka kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ila hajui aende kwa njia gani. Labda unaishi Denver, Boise au Missoula, miji ambayo Wakongo na Waafrika Mashariki wengi wameweka makao, na wenzako kazini kila vuli wanarudi na nyama ya kujaza friza. Labda uko Texas au Ohio na unaweka akiba ya safari ya wiki moja milimani. Popote ulipo, njia panda ni ileile: ulipe kampuni yenye mwongozaji, kambi na farasi, au ukate leseni yako, ubebe hema lako na uingie msituni kwa miguu yako.

Wengi wetu hatukupata nafasi ya kujifunza uwindaji halali nyumbani. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na Tanzania mtalii anayewinda ni lazima aandamane na mwindaji bingwa. Magharibi ya Marekani mambo ni tofauti kabisa. Elki wengi wanaishi kwenye ardhi ya umma, na mtu wa kawaida anaweza kuingia humo na leseni yake bila kumlipa yeyote. Mlango uko wazi kwa kila mtu, na ndiyo maana swali la mwongozaji linasumbua.

Tukubaliane kwanza tunapima nini. Mimi natumia vigezo sita: sheria na leseni, pesa, maandalizi, nafasi ya kumpata mnyama, kazi ya nyama, na usalama pamoja na uhuru wako porini. Kati ya hivyo, kazi ya nyama ndiyo watu huifikiria mwisho, nami ndiyo ninayoipa uzito kuliko vyote. Dume la elki aliyekomaa hufika kilo 320 hivi na jike kilo 225. Kwa aliyewahi kumwona tandala mkubwa, dume la elki humzidi. Mnyama wa namna hiyo akianguka bondeni, kilomita tano kutoka kwenye gari, swali la kwanza linakuwa moja tu: nani atambeba?

Sheria na leseni

Anza hapa, maana mara nyingine sheria inakuamulia.

Wyoming, kwa mfano, mtu asiye mkazi wa jimbo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali ya shirikisho bila mwongozaji mwenye leseni, au mkazi wa Wyoming anayemsindikiza. Kutembea humo kwa miguu, kupiga kambi au kuvua samaki unaruhusiwa peke yako. Kuwinda, hapana. Lakini soma tena hiyo sehemu ya mkazi: mkazi wa Wyoming anaweza kuchukua kibali cha bure kutoka idara ya wanyamapori na kuwasindikiza wageni wasiozidi wawili kwa mwaka, mradi asichukue malipo. Ukiwa na ndugu au rafiki Cheyenne au Casper anayeijua milima, huenda umeshapata njia ya tatu bila kujua.

New Mexico imeiweka tofauti ya mwenye kampuni na asiye nayo kwenye kura yenyewe, yaani bahati nasibu ya kugawa leseni. Asilimia 84 ya leseni za kura ni za wakazi, asilimia 10 ni za wale waliosaini mkataba na kampuni ya uwindaji (wawe wakazi au la), na asilimia 6 zinabaki kwa wasio wakazi wanaoenda bila kampuni. Mgeni anayeajiri kampuni pale ananunua pia mlango mpana zaidi wa kupata leseni.

Colorado ndiyo yenye elki wengi kuliko jimbo lolote, kati ya 280,000 na 300,000 kwa makadirio ya miaka ya karibuni, na ndiyo iliyozoeleka kwa wanaojitegemea. Kwa miaka mingi mtu yeyote aliweza kununua leseni ya upinde dukani bila kura. Mlango huo umepunguzwa: kuanzia 2025, asiye mkazi anayetaka kuwinda kwa upinde upande wa magharibi wa barabara kuu ya I-25 anaingia kwenye kura. Leseni za bunduki za dume kwa msimu wa pili na wa tatu ziliachwa ziuzwe bila kura katika maeneo mengi.

Ukazi ndio unaobadilisha hesabu yote. Colorado na Idaho zinataka uwe umeishi humo miezi 6, Montana siku 180, Wyoming mwaka mzima. Ukitimiza, leseni inashuka kutoka mamia ya dola hadi makumi. Aliyehamia Missoula mwezi wa tano na ana hamu ya kuwinda mwezi wa kumi, namshauri asubiri mwaka unaofuata, awe mkazi kamili. Kudanganya kuhusu ukazi ni kosa linaloweza kukufungia uwindaji katika majimbo mengi kwa pamoja, kwa sababu yanabadilishana taarifa.

Kisha kuna suala la uhamiaji, ambalo waandishi wa Kimarekani hawaligusi kwa kuwa haliwahusu. Mwenye kadi ya kijani na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hawazuiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki kwa sababu tu si raia. Aliye kwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida anazuiwa hata kuishika, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo au aingie katika misamaha mingine michache. Mwongozaji hakuvushi hapo. Akikuazima bunduki na wewe hauruhusiwi kuishika, mmeingia matatani wote wawili. Kesi yako ya uhamiaji ikiwa bado haijaamuliwa, ongea na mwanasheria kabla ya kugusa silaha yoyote.

Pesa

Safari kamili ya kuongozwa kwenye ardhi ya umma, siku 5 hadi 7, pamoja na kulala na chakula, kwa kawaida huanzia dola 6,000 na kufika 10,000. Kwenye ranchi binafsi zenye madume wakubwa bei hupanda juu ya hapo, tena sana. Ongeza leseni, ambayo kampuni nyingi haziijumuishi: kwa asiye mkazi ni karibu dola 800 Colorado, dola 692 Wyoming kwa daraja la kawaida na 1,950 kwa daraja maalumu, na zaidi ya 1,000 Montana. Ongeza bakshishi ya mwongozaji na mpishi, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 hadi 15. Ongeza mchinjaji wa kukatakata nyama, anayetoza kwa uzito. Anayesema safari ni dola 7,000 ajiandae kutoa 9,000.

Kuna bei ya chini ambayo watu huipita: kuwinda jike ukiongozwa. Ranchi nyingi zinahitaji kupunguza majike, na safari ya siku mbili au tatu hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya dume. Kama unatafuta nyama, si pembe za ukutani, hapa ndipo pesa ya mwongozaji inapofanya kazi vizuri zaidi.

Anayejitegemea anakata leseni ileile. Mkazi wa Denver mwenye bunduki, buti na hema tayari anaweza kumaliza msimu kwa dola mia chache za petroli, chakula na barafu. Ila mwaka wa kwanza vifaa vinauma: bunduki yenye darubini yake, darubini ya shingoni, shanta yenye fremu inayobeba kilo 30 bila kukuvunja mgongo, nguo za kuzuia baridi, mifuko ya nyama, visu, kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti. Dola 3,000 zinaweza kuisha upesi. Tofauti ni kwamba vifaa vinabaki vyako, na mwaka wa tatu unawinda kwa bei ya leseni na mafuta.

Maandalizi

Anayeongozwa ana kazi mbili tu, na zote hazikwepeki: mwili na shabaha. Elki wa Septemba Colorado mara nyingi hukaa karibu na mita 3,000, mahali ambapo ngazi kumi zinakupokonya pumzi. Mwongozaji anaweza kukufikisha mita 200 kutoka kwa dume. Kupumua hawezi kukusaidia, wala kutuliza mkono wako. Anza kupanda vilima ukiwa na mzigo miezi minne kabla, na uwe na desturi ya kwenda kwenye uwanja wa shabaha upige ukiwa umekaa, umepiga magoti, umeegemea mti, si mezani peke yake.

Anayejitegemea ana hizo mbili na nyingine zinazoweza kujaza mwaka. Lazima achague eneo, asome kanuni za eneo hilo, ajue mpaka wa ardhi ya umma na ya mtu binafsi. Programu za ramani za simu, kama ile ya onX iliyoanzishwa Missoula, zinaonyesha mipaka hiyo hata pasipo mtandao ukipakua ramani mapema. Anahitaji kwenda kuangalia eneo majira ya joto: maji yako wapi, njia za wanyama zinavuka wapi, gari linafika wapi barabara ikiwa na tope. Na lazima ajifunze upepo. Asubuhi hewa baridi huteremka bondeni. Jua likishapiga mteremko, hewa hugeuka na kupanda. Wawindaji hubeba kichupa cha unga laini na kukiminya kila dakika chache wauone unakwenda upande gani. Elki akikuona anaweza kusimama akuchunguze, lakini akinusa harufu yako hatakuwa tena katika bonde hilo siku hiyo.

Pande zote mbili zinahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Colorado inakitaka kwa kila aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949, Wyoming tangu Januari 1, 1966, Idaho tangu Januari 1, 1975, na Montana kwa aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985. Kuajiri mwongozaji hakukuondolei sharti hilo.

Nafasi ya kumpata

Hapa kuna maneno mengi ya kuuza, kwa hiyo nenda taratibu. Katika takwimu za Colorado za miaka ya karibuni, ukiwachanganya wawindaji wote wa elki, anayefanikiwa ni karibu mmoja kati ya watano, wakati mwingine pungufu. Ndani ya idadi hiyo wamo wenye leseni za kura za maeneo mazuri, wenye ranchi na walioongozwa. Anayejitegemea kwa mara ya kwanza kwenye eneo la leseni zisizo na kura ahesabu kwamba yuko chini ya hapo, na chini zaidi akitumia upinde.

Kampuni nzuri hukupandishia nafasi, hasa kwenye ardhi binafsi. Sababu yake inaeleweka: bunduki zikianza kulia kwenye ardhi ya umma, elki huhamia kwenye miti minene au kwenye ranchi ambako hakuna anayewafuata, na mwenye ufunguo wa geti la ranchi ndiye mwenye elki. Kwenye ardhi ya umma faida ya mwongozaji ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema. Anajua mabonde na ana farasi wa kukufikisha mbali na barabara, lakini elki hawajafungwa kamba.

Kampuni ikikutajia asilimia ya mafanikio, uliza wanahesabu nini. Wengine huhesabu "nafasi ya kupiga", na ukikosa shabaha wewe bado uko kwenye safu ya waliofanikiwa. Uliza mwongozaji mmoja ana wawindaji wangapi: mmoja kwa mmoja na mmoja kwa wawili ni safari tofauti kabisa. Uliza pia kuhusu mnyama aliyejeruhiwa, kwa sababu kwa kampuni nyingi tone la damu likionekana uwindaji wako umekwisha hata kama hakupatikana. Mimi naona kanuni hiyo ni ya haki kwa mnyama, lakini uijue kabla ya kulipa malipo ya awali.

Nyama

Hesabu hii ifanye kwenye karatasi kabla ya kuchagua njia.

Dume aliyetolewa mifupa huacha nyama ya kilo 90 hadi 110. Mtu mwenye nguvu anabeba kilo 25 au 30 kwenye mteremko wenye magogo. Hiyo ni mizigo minne. Ukiwa peke yako kilomita 5 kutoka kwenye gari, unatoka na mzigo mara nne na kurudi mtupu mara tatu: kilomita 35 kwa miguu, baada ya siku ambayo umeshatembea tangu alfajiri. Wakiwa watu watatu, safari ni moja au mbili. Ndiyo maana wenye uzoefu hukataa kupiga elki aliye mbali sana hata akisimama wazi, na ndiyo maana nasema mwenzi mwenye mgongo imara ana thamani kuliko bunduki ghali.

Kuchinja kwenyewe mlimani kunafanyika bila kupasua tumbo. Mnyama analazwa ubavu, unakata ngozi kufuata uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, unaivuta kuelekea tumboni, kisha unatoa bega, paja, sarara ndefu ya mgongoni na nyama ya shingo. Sarara ya ndani unaifikia kwa kupitisha mkono nyuma ya ubavu wa mwisho. Halafu unamgeuza na kurudia upande wa pili. Kila kipande kinaingia kwenye mfuko unaopitisha hewa na kuning'inizwa kivulini. Adui ni joto, na linakaa zaidi kwenye paja karibu na mfupa. Siku ya joto ya Septemba nyama inaweza kuharibika kwa saa chache usipoifungua ipoe. Acha pia uthibitisho wa jinsia, yaani sehemu ya mwili inayoonyesha ni dume au jike, ukiwa umeshikana na kipande kimojawapo kama kanuni za jimbo zinavyotaka, na usiache nyama inayolika porini. Majimbo yote haya yanalihesabu hilo kuwa kosa.

Anayeongozwa kwa kawaida hushika mguu tu mwongozaji akichuna, kisha farasi au baghala wanabeba. Mtu wa miaka sitini mwenye goti bovu ananunua hasa hicho, naye hana sababu ya kuona aibu. Lakini mwombe mwongozaji akufundishe kila mkato. Wengi wao hufurahi kuulizwa, na ukitoka hapo umejua nusu ya kazi ya kujitegemea.

Kwa njia yoyote, uliza kuhusu ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo wa elki na jamaa zake. Ulitambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, na sasa umeenea majimbo mengi. Mamlaka ya afya ya Marekani inashauri mnyama apimwe katika maeneo yenye ugonjwa na nyama yake isiliwe akikutwa nao. Majimbo mengi yanakataza kuvuka mpaka na kichwa kizima au uti wa mgongo. Kampuni itakupelekea sampuli. Ukijitegemea, ni wewe wa kupeleka kichwa kwenye kituo cha idara ya wanyamapori na kungoja majibu.

Usalama na uhuru

Mlimani watu huumizwa zaidi na baridi, kuteleza na kupotea kuliko na wanyama. Theluji inaweza kuanguka Septemba, na Novemba ni jambo la kawaida. Mwongozaji anajua pa kushukia hali ya hewa ikiharibika, ana redio, ana farasi wa kumtoa mgonjwa. Anayejitegemea anabeba jukumu hilo kichwani: aache ratiba kwa mtu nyumbani, asiende peke yake mwaka wa kwanza, awe na kifaa cha satelaiti, na ajue dalili za ugonjwa wa mwinuko. Kaskazini magharibi ya Wyoming, sehemu za Montana na mashariki ya Idaho kuna dubu wakubwa wa kijivu wanaofuata harufu ya nyama. Huko dawa ya kupulizia dubu ikae kiunoni, si ndani ya shanta. Nguo za rangi ya chungwa kali pia zina vipimo vyake kisheria: msimu wa bunduki Colorado inataka inchi za mraba 500 na kofia, Montana 400.

Upande wa uhuru, anayejitegemea anashinda bila ubishi. Anaamka anapotaka, anarudi anapochoka, anaweza kukaa siku nzima juu ya jiwe akisikiliza dume akilia bondeni bila mtu wa kumwambia twende. Mabonde anayojifunza yanakuwa yake kwa maisha, na anaweza kumpeleka mwanawe. Anayeongozwa anafuata ratiba ya kambi.

Kwa Mwislamu kuna jambo moja zaidi. Ukiwinda mwenyewe au na wenzako mnaoelewana, unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimfikia mnyama bado ana uhai unamchinja. Ukiongozwa, zungumza na mwongozaji siku ya kwanza kambini, kabla ya bunduki kubebwa: mweleze kwamba wewe ndiye utakayemfikia mnyama kwanza akiwa tayari salama kukaribiwa, na kwamba kisu ni chako. Dume aliyejeruhiwa anaweza kukuua kwa pembe, kwa hiyo sikiliza anapokwambia ngoja. Uliza pia chakula cha kambini mapema, maana nyama ya nguruwe asubuhi ni desturi ya kambi nyingi. Maswali ya ndani zaidi mpelekee sheikh wako, naye atakueleza vizuri.

Njia zilizo katikati

Watu wengi wanafikiri ni kulipa yote au kutolipa kitu. Sivyo. Kampuni nyingi hukodisha kambi iliyokwisha kusimamishwa: wanakupeleka kwa farasi hadi kwenye mahema yenye jiko na kuni, wanakuacha, mnawinda wenyewe, kisha wanarudi kuwachukua na nyama yenu. Bei mara nyingi ni theluthi moja hivi ya safari kamili. Wengine wanauza kazi ya kubeba tu: ukipata mnyama unatuma ujumbe wa satelaiti, farasi wanapanda. Panga bei na masharti kabla ya msimu, kwa sababu ukipiga simu nyama ikiwa chini huna nguvu ya kujadiliana, na huenda farasi wameshachukuliwa.

Tahadhari moja. Anayechukua pesa kukuongoza au kukubebea lazima awe amesajiliwa. Colorado usajili uko chini ya idara ya jimbo inayosimamia taaluma. Wyoming, Montana na Idaho zina bodi zao. Kwenye msitu wa taifa kampuni inahitaji pia kibali cha idara ya misitu. Jirani anayekwambia "nipe mia tano nikupeleke sehemu yangu" anavunja sheria, na wewe ndiye utakayepoteza siku mkikutwa na askari wa wanyamapori. Jirani anayekupeleka bure ni baraka. Leseni hata hivyo ni ya mtu mmoja: rafiki hawezi kupiga elki wa leseni yako wala wewe wa kwake.

Kwa hali yako

Kama umekwisha kuwa mkazi wa Colorado, Idaho au Montana, una mwenzi mmoja wa kuaminika na unaweza kutoa wikiendi kadhaa za kiangazi, jitegemee. Tafuta leseni ya jike kwa kuanzia, winda ndani ya kilomita tatu za barabara, na upokee kwamba mwaka wa kwanza huenda ukarudi na ujuzi bila nyama.

Kama uko mbali, una wiki moja tu ya likizo na hujawahi kumchuna mnyama mkubwa, pesa ya mwongozaji inanunua miaka ambayo huna. Chagua jike kwenye ranchi ikiwa bajeti ni ndogo, au kambi ya farasi ikiwa unachokitaka ni milima yenyewe.

Kama unataka Wyoming na si mkazi, angalia ramani ya leseni yako kabla ya yote. Eneo likiwa ndani ya nyika iliyotengwa, ni mwongozaji au mkazi mwenye kibali cha bure. Nje ya hapo, misitu na ardhi nyingine za umma ziko wazi kwako. Tangu uamuzi wa mahakama ya rufaa ya shirikisho wa Machi 2025, kuvuka kutoka kipande kimoja cha ardhi ya umma hadi kingine pale kona zao zinapogusana, bila kukanyaga ardhi ya mtu, si uvamizi katika majimbo ya mahakama hiyo, Wyoming na Colorado zikiwemo. Montana na Idaho ziko chini ya mahakama nyingine; huko usifanye hivyo kwa kutegemea uamuzi huu.

Kama mwili hauruhusu kubeba lakini miguu bado inatembea, lipa farasi, usilipe mwongozaji. Kama mko watatu au wanne wenye nguvu na hakuna anayejua eneo, kambi iliyosimamishwa inawafaa kuliko njia nyingine zote mbili.

Na kama ni baba au mama anayetaka kumfundisha kijana, nenda naye kwanza mwongozaji akiwepo ikiwa pesa ipo, mwambie mwongozaji waziwazi kwamba umekuja kujifunza, kisha mwaka unaofuata muende wenyewe.

Tarehe hazisubiri uamuzi wako. Maombi ya elki kwa wasio wakazi Wyoming hufungwa mwanzoni mwa Februari, New Mexico katikati ya Machi, Montana Aprili 1, Colorado Jumanne ya kwanza ya Aprili. Kampuni nzuri huwa zimejaa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo zipigie sasa hata kama hujakata shauri, na uombe namba za wawindaji wao wa msimu uliopita, wakiwemo waliorudi mikono mitupu. Cheti cha mafunzo kichukue kwanza kabisa, kwa sababu Colorado kwa kawaida haipokei ombi lako bila namba yake.